Yai la Mgeni

Siku mliponiaga, vijana wangu wa kliniki ya mama na mtoto, mlinipa kitenge, beseni na chupa ya chai. Kisha tukala keki iliyopakwa sukari ya bluu, tukaishushia kwa soda, na nyuma yetu ukutani palikuwa na bango linalosema sukari nyingi ni adui wa familia. Hakuna aliyecheka. Niliangalia midomo yenu ilivyogeuka bluu, nikajua kazi nimeiacha katika hali ile ile niliyoikuta.

Mliniomba niwaachie uzoefu. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilipandishwa pale waliponikumbuka. Nitawaandikia habari ya yai, kwa sababu mwaka juzi nilikaa kwenye semina pale Kasulu nikamsikia kijana mmoja mwenye kompyuta akiisimulia vibaya mbele yangu, tena kwa picha. Alisema ule ulikuwa mradi. Haukuwa mradi.

Kwetu ni Kondoa. Nilipangiwa Kibondo nikiwa msichana mwembamba mwenye sanduku la bati, na siku niliyoshuka kwenye basi vumbi jekundu lilikuwa limenipaka hadi kwenye kope. Nesi aliyenipokea aliitwa Dativa, mzaliwa wa hapo hapo, mkunga, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliniangalia kuanzia juu hadi chini akasema, "Wewe ndiye umekuja kutufundisha kula?" Halafu akanipa uji, akasimama hapo mpaka nikaumaliza.

Vifaa vya kazi vilikuwa vitatu. Kwanza ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso kama saa kubwa ya chuma, tuliyoitundika kwenye boriti la kibaraza, pamoja na kaptula ya kitambaa ya kumtumbukizia mtoto. Kila mtoto aliyevalishwa kaptula ile aliikojolea, na kila mama aliapa kwamba mwanawe hana kawaida hiyo. Pili ni utepe wa kupima mkono, wenye rangi nyekundu, njano na kijani, ambao mnao mpaka leo. Tatu ni bango la familia bora. Baba kavaa tai, mama kasuka nywele, watoto wawili wanatabasamu, na mezani kuna tufaha, zabibu na bilauri ya maziwa.

Nililisimamia bango lile siku yangu ya kwanza kwa majivuno yote ya chuoni. Mama mmoja akanyoosha mkono. "Sista, hayo mekundu ni nyanya?"

"Ni tufaha, mama."

"Yanapatikana wapi?"

Dativa, aliyekuwa anafunga kitovu cha mtoto nyuma yangu, akajibu bila kuinua kichwa, "Ikulu." Akina mama wakacheka mpaka watoto wakaamka. Dativa akaja, akaligeuza bango lile likaangalia ukuta, akaanza kuwauliza mmoja mmoja jana usiku walipika nini. Walitaja maharage, sombe ya majani ya muhogo, mawese, dagaa, viazi, mchicha. Chakula kizuri kabisa, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipiga picha. Bango lilikaa limegeuka hivyo miaka yote niliyofanya kazi Kibondo, na wakaguzi walipokuja tuliligeuza tena ili wao nao wapate kuona zabibu.

Dativa alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Tukienda kutembelea nyumba vijijini, kokote tulikokaribishwa chakula, na mnajua huku Buha, kwa Waha, hutoki kwa mtu na tumbo tupu, alimchukua mtoto mdogo wa nyumba akampakata, akala naye sahani moja. Tonge lake, tonge la mtoto. Nilidhani anapenda watoto. Baadaye niligundua hakuwapenda kiasi hicho. Wake mwenyewe aliwafokea toka alfajiri. Nilipomuuliza, aliniambia, "Chakula cha mgeni hakikataliwi. Lakini nani alisema mgeni ale peke yake?" Nikaona ni maneno ya mtu mzima tu, nikayaweka huko yanakowekwa maneno ya watu wazima.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu. Huko nilikuta gari, dereva, na bwana mmoja wa lishe nitakayemwita Kaluse, kwa kuwa si jina lake. Kaluse alikuwa mtu mwenye elimu na mkanda wenye matundu ya kujiongezea. Alijua vyakula kwa makundi, na makundi yote aliyapenda kwa haki sawa. Kwake nyumbani, nilipopeleka salamu za sikukuu, watoto walikuwa wanakunywa chai ya rangi kwa biskuti huku mayai yakienda sokoni. Nilipomtazama akasema, "Sista, nyumbani si kazini." Sentensi hiyo mngeiandika juu ya mlango wa kila ofisi yetu.

Sasa nifike Nyakitonto. Huko palikuwa na mjane aitwaye Bibi Felista, Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, mwenye shamba safi la maharage, migomba na kuku wengi. Alikaa na mkwewe Adelina, mke wa mwanawe. Huyo mwana alikuwa Uvinza akifanya kazi ya chumvi. Adelina alikuwa na binti, Yusta, aliyekuwa anakaribia miaka miwili na bado hajasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye nyekundu. Alishalazwa, akapewa maziwa ya dawa, akanenepa, akarudi nyumbani, akakonda tena. Safari hii miguu ilikuwa imeanza kuvimba, nywele zimekuwa za kahawia. Nyuma ya migomba palikuwa na kaburi dogo la kaka yake aliyemtangulia, aliyeondoka kwa njia hiyo hiyo. Adelina alikaa akiwa ameligeuzia mgongo kila tulipofika.

Tukasema mtoto huyu tutamfuatilia kwa karibu. Tukaanza kwenda kila wiki, mimi, Kaluse na dereva, na mara nyingine bosi fulani aliyetaka kuona kijiji. Kaluse alifundisha. Alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Alieleza kwamba yai moja kwa siku linajenga mwili wa mtoto, na Bibi Felista akaitikia, "Ego, bwana mkubwa, ego." Somo likiisha, Adelina alitoka jikoni na bakuli la mayai ya kuchemsha, yamemenywa, yana chumvi pembeni. Kaluse alisema, "Mnaona? Familia hii ina mwitikio." Kisha akala.

Huenda mimi pia nisingeona kitu, kama isingekuwa Ramadhani. Mtu aliyefunga hukitazama chakula kwa makini kuliko anayekila. Nilikaa mkekani nimefumbata mikono, nikaliona yai likitoka kwenye bakuli, likipita hewani, likiingia kwa Kaluse. Halafu nikagundua si mimi peke yangu ninayelifuata kwa macho. Yusta alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kikubwa shingo nyembamba, na macho yake yalikwenda na yai, yakarudi bakulini, yakaenda na lingine. Hakulia. Alishajua kwamba kulia hakusaidii.

"Bibi," nikauliza, "mtoto yeye amekula nini leo?"

"Uji, sista."

"Uji wa nini?"

"Wa muhogo. Mayai si ya wageni? Hatuli sisi. Tunayaweka tangu Jumatatu, tunajua mnakuja."

Ndipo nikaelewa, wallahi. Kuku wa nyumba ile walikuwa wanataga wiki nzima, na wiki nzima mayai yanakusanywa chini ya kitanda yakisubiri wataalamu waje kusema mtoto apewe mayai. Mtoto akizidi kukonda, sisi tunazidisha safari. Tukizidisha safari, mayai yanazidi kwisha. Tulikuwa tumemfuatilia Yusta kwa karibu mpaka tukamfikia bakulini.

Bibi Felista akadhani nanyong'onyea kwa njaa ya mfungo. Akamwambia Adelina anifungie mayai kwenye jani la mgomba, "akafuturu nayo". Nilitaka kukataa, nikaona uso wake. Mgeni akikataa chakula katika nyumba ya Muha, amewaambia wenye nyumba ni wachafu, au wachawi, au vyote. Ndipo maneno ya Dativa yalipotoka huko nilikoyaweka.

"Nashukuru sana, bibi," nikasema. "Ila kwetu Kondoa, mgeni aliyefunga akipewa chakula, mdogo kuliko wote nyumbani ndiye humlia. Hapo hapo, mapajani kwake. Chakula kikivuka mlango mtoto hajala, mfungo wa mgeni umeharibika."

Kondoa hakuna mila hiyo. Niliitunga pale pale mkekani, na sijawahi kuionea haya.

"Mawe!" Bibi Felista akashangaa kwa Kiha, akashika mdomo. "Mtoto akikula mayai si anakuwa mwizi? Anazoea utamu, kesho anaingia kwa watu."

"Nani kasema?"

"Tulikuta iko hivyo."

"Bibi, mtazame yule bwana mkubwa. Ameyala tangu utoto. Ameiba nini?"

Bibi Felista akamgeukia Kaluse, ambaye alikuwa na mkono bakulini, akamtazama kwa muda mrefu.

"Bado sijajua," akasema.

Lakini mila ya mgeni ni mila ya mgeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemnyanyua Yusta akamweka mapajani kwangu. Mtoto alikuwa mwepesi kama kanga mbili zilizokunjwa. Nikalipondaponda yai kwa kidole, nikamlisha kidogo kidogo, nikachanganya na mawese na maharage ya sahani ya dereva, ambaye naye sikumuomba ruhusa. Adelina alisimama mlangoni ameshika kizingiti. Mkwe hasemi mbele ya mama wa mumewe. Lakini nilimwona anatafuna, mdomo mtupu, kila mwanawe alipotafuna.

Kuanzia hapo nikawa naenda peke yangu, kwa baiskeli ya kituo, siku ambazo Kaluse ana vikao, maana yake karibu siku zote. Ramadhani ikaisha. Nikasema kuna funga ya siku sita baada ya Idi, jambo ambalo ni kweli. Kisha nikasema kuna Jumatatu na Alhamisi, jambo ambalo pia ni kweli, ingawa mimi asubuhi za siku hizo nilikuwa nimeshapiga chai na vitumbua kwa Mzee Salumu, mwenye duka pale sokoni.

Huyo Mzee Salumu karibu aniharibie. Bibi Felista hakuwa mjinga. Siku ya soko aliingia dukani kununua chumvi, akamuuliza, kwa kuwa mzee huyo alivaa kofia ya Kiislamu, kama ni kweli Mwislamu aliyefunga chakula chake huliwa na mtoto wa mwenyeji. Mzee Salumu hakuwa amewahi kusikia kitu kama hicho. Lakini hakutaka kumwaibisha Mwislamu mwenzake mbele ya mteja, akajibu, "Ndiyo, mama, tena ina thawabu kubwa." Jioni akanijia mpaka kliniki. "Sista Mwajuma, umesomea madrasa gani wewe?" Nikamweleza. Alicheka, akafuta macho, akanipa karanga za Yusta, akasema hiyo si mila, lakini kama ni dhambi basi tutagawana.

Mtoto alipata nguvu kidogo. Uvimbe wa miguu ukapungua. Lakini hofu yangu ilikuwa moja, na niliijua vizuri: anakula nikiwepo. Siku nisipokwenda ni uji wa muhogo. Huwezi kumlea mtoto wa watu kwa baiskeli.

Kisha masika yakakata njia, na juu yake Kaluse akaandaa semina ya lishe, akatuita wote. Tulikaa mjini Kasulu ukumbini tukifundishwa jinsi ya kubadilisha tabia za jamii, tukapewa soda asubuhi, soda mchana, na wali wenye mafuta ya kuogelea. Sikumbuki walichosema. Nilikuwa nawaza kaburi lile dogo nyuma ya migomba na nafasi iliyobaki kando yake. Niliogopa, nasema kweli, usingizi uliniruka.

Barabara ilipofunguka nilikwenda nikisukuma baiskeli kwenye tope. Nilipofika sikupiga hodi. Nilizunguka nyuma ya nyumba kwanza, kwenye migomba, kutazama kama kuna udongo mbichi. Hapakuwa na kitu ila kuku wanaparua. Nikakaa chini hapo hapo nikalia.

Bibi Felista alinikuta. "Sista, mbona unaingilia shambani kama mwizi? Umekula mayai mengi?" Kisha akaona macho yangu, akanishika mkono.

Yusta alikuwa uani. Amesimama. Ameshika beseni, anatembea kulizunguka, hatua za mlevi, na mashavu yamerudi. Nikatoa utepe. Mkono ulikuwa kwenye njano, unaitafuta kijani.

"Mmemlisha nini?" nikauliza.

"Sisi? Hatukumlisha," Bibi Felista akajibu, kama vile nimemtuhumu. "Tulikuwekea wewe. Kila siku tunaweka yai la mgeni, maana mvua hii hatujui unafika lini, na ukija ukute hakuna kitu ni aibu yangu. Tunangoja. Jua linazama, hujafika. Sasa chakula cha mgeni hakilali, sista. Na mila yenu tunaijua. Tunamwita mtoto, anakulia."

"Kila siku?"

"Kila siku si hukuja?"

Ndipo Adelina, ambaye tangu nimjue sijamsikia zaidi ya salamu, akainamisha kichwa akasema polepole, "Sista, ukichelewa ndiyo vizuri."

Nikachelewa. Hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya katika utumishi wangu wote: nilikaa nyumbani. Nilikuwa napita mara moja moja, nikihakikisha napita jua likiwa limeshazama. Bibi Felista alinitengea yai kila siku mpaka mtoto akaanza shule, na hakuwahi, hata siku moja, kukubali kwamba anampa mtoto mayai. Ukimuuliza angekuapia kwa Bikira Maria. Majirani wakaona, wakauliza, wakaambiwa ni sehemu ya mgeni, na mgeni hawezi kukosa sehemu katika nyumba inayojiheshimu. Nao wakaanza kutenga. Watu ambao bango halikuwahi kuwasogeza hata kidole walisogezwa na aibu ya kuonekana hawana cha mgeni.

Kaluse aliandika kwamba hayo ni matokeo ya bango jipya alilokuwa amelisambaza vijijini. Alipewa cheti, kikatundikwa. Sikubishana naye. Mtu aliyekula mayai mengi vile alistahili kuwa na kitu cha kutundika.

Mwezi uliopita, kitenge chenu kikiwa bado kina harufu ya dukani, nilipigiwa simu. Ni Yusta. Ameolewa Kitanga, ana mtoto wa kiume, amesikia nimestaafu, anataka nikale kwake. Nilipanda bodaboda asubuhi na mapema. Sikunywa chai. Nilijiambia, Mwajuma, umewapa watu hawa mayai yako yote ya ujanani, leo utakula. Nilifikiria mawili ya kuchemsha, yenye chumvi pembeni kama zamani.

Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, ua umefagiliwa, kuku wapo. Yeye mrefu, mabega mapana. Ukimwambia mtu kwamba huyu alikuwa mwepesi kama kanga mbili, atakuona umechanganyikiwa. Aliniamkia, akaniita bibi, akanitandikia mkeka. Bibi Felista alishatangulia mbele ya haki, tulimwombea. Kisha kikaja chakula. Ugali, maharage yenye mawese, mchicha. Na yai moja, kwenye kisahani, limemenywa, linang'aa.

Nikanyoosha mkono kunawa. Yusta akakichukua kile kisahani, akakipitisha mbele ya pua yangu, akakiweka mbele ya mwanawe.

"Mgeni, karibu," akamwambia mtoto.

Mtoto akalivamia yai kwa mikono miwili. Nilimtazama. Macho yangu yalikwenda na yai, yakarudi kwenye kisahani, yakaenda nalo tena, na nikakumbuka ni nani aliwahi kutazama hivyo.

"Mwanangu," nikasema, "mambo haya mmeyatoa wapi?"

"Yapi, bibi?"

"Ya mtoto kula sehemu ya mgeni."

Yusta akacheka, akaniongezea ugali, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtu wa mkoa mwingine. "Hiyo ni mila yetu Waha, bibi. Tangu zamani sana, babu za babu. Ninyi wa kuja hamuwezi kuijua."

Mtoto alikuwa amemaliza, anajifuta kiini kwenye kitenge mlichoninunulia.

"Na mgeni mwenyewe akiwa na njaa?" nikauliza.

"Mgeni akishakua, bibi," Yusta akasema, "anakula maharage."

Nikala maharage.